Wali wa Kuaga Kule Hopkins

Shughuli nzima ilinigharimu dola mia nne na kumi na mbili. Nilipohesabu mara ya pili zikawa mia nne na kumi na tisa, kwa kuwa mara ya kwanza nilisahau ada ya kuegesha gari kule Saint Paul. Saa zangu sijaziweka humo. Nikiziweka, hata mimi nitaona haya kuitaja jumla.

Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nilitumwa na ofisi. Ofisi iliyoniajiri ina sheria zake: mhudumu asipokee zawadi, asitoe zawadi, asinunue, asiuze, asikopeshe. Mimi kabla ya kuja huku Marekani nilikuwa nikiuza mitumba pale Kongowea, Mombasa. Kuniambia nisinunue wala nisiuze ni kama kumwambia mtu asipepese macho. Anaweza, lakini kwa muda gani?

Kazi yangu sasa ni kuangalia wazee majumbani mwao. Naishi Columbia Heights, na siku nne kwa wiki niko Hopkins, ghorofa ya tatu ya jengo la zamani lenye lifti inayofikiria kwanza ndipo ipande, kwa mama mmoja wa Kijapani aliyekwisha kupita miaka themanini na mitano. Macho yake yameharibika katikati. Pembeni bado yanaona. Akitaka kukutazama usoni anaelekeza macho kwenye sikio lako. Miezi ya kwanza nilidhani ananidharau.

Tulizoeana kwa sababu ya nguo. Nilikuwa napanga kabati lake, nikakuta chini kabisa, ndani ya karatasi, hariri nyeusi yenye korongo wa rangi ya fedha waliochorwa upindoni. Mkono wangu huijua nguo kabla kichwa hakijaulizwa. Nikaigeuza, nikaangalia mshono wa ndani.

"Mama, hii ungeiuza ngapi?"

"Umeshaitia bei?"

"Nimeanza tu."

"Basi ishia hapo. Hiyo ni sare yangu ya kazi."

Kazi gani ya kuvaa korongo wa fedha? Akaniambia: geisha. Nikawa naikunja ile hariri kwa uangalifu zaidi kuliko ilivyohitaji, na yeye ananitazama sikio.

"Unawaza ya kitandani," akasema. "Usione haya. Mama mkwe wangu aliwaza hivyo hivyo mpaka tukamzika."

Kisha akanieleza. Aliingia kazini akiwa na miaka kumi na mitano, katika mji wa Kanazawa, upande wa Japani ambako theluji huanguka nzito na yenye maji, si hii ya Minnesota ambayo yeye huiita unga. Aliingia nyumba yenye mama ambaye si mama yako na dada wakubwa ambao si dada zako, na wote unawaita hivyo mpaka kufa. Asubuhi mnafundishwa kucheza, mchana kupiga shamisen, chombo cha nyuzi tatu kilichowambwa ngozi, na jioni mnaitwa kwenye nyumba za chai ambako wenye pesa wanakula. Huko kazi yako ni kuhakikisha hakuna anayechoka kukaa: unamimina, unacheza, unaimba, unamjibu mlevi jibu linalomfanya ajione ana akili. Na mageisha wa mji wake, akasema, walisifika kwa ngoma. Hapo nikavuta kiti. Ukimtajia mtu wa pwani ngoma, umemkalisha.

"Mlilipwa kwa saa?"

"Kwa udi. Zamani walihesabu vijiti vya udi vinavyoungua. Kimoja kikiisha, kinahesabiwa kimoja."

"Na nani anahakikisha kijiti si kifupi?"

"Vilikuwa vifupi," akasema. "Na sisi wasichana tukipita karibu tulikuwa tunavipuliza."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Siku hiyo nikajua huyu ni mtu wangu.

Lakini hakuwa mtu wa kutulia. Alikuwa akisukuma fremu yake ya magurudumu kutoka dirishani hadi jikoni, jikoni hadi dirishani, na ukimuuliza anatafuta nini anakuambia ni mazoezi. Baridi ilipoingia mazoezi yakazidi. Mwanawe wa pekee, anayeishi Apple Valley na kufanya kazi ya bima, alikuwa amekwisha kumpatia chumba katika nyumba ya wazee karibu naye: chumba kimoja, hakina jiko, ahamie theluji ikiyeyuka. Mwana si mbaya. Hupiga simu kila jioni na huuliza maswali yote yanayofaa, kwa mpangilio uleule.

Kilichokuwa kikimhangaisha mama nilikijua siku mwalimu mmoja wa dansi za Kijapani, mama wa makamo anayeishi Saint Paul na humsalimia kwa simu kila mwezi, alipomletea habari: geisha anakuja kutoka Kanazawa kucheza kwenye ukumbi mmoja mjini, siku tatu tu. Anatoka nyumba ileile. Mama aliposikia, aliweka simu mapajani, hakuikata. Ikabidi mimi niage kwa niaba yake.

Ndipo akaniambia alivyoondoka. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Kulikuja Mmarekani kutazama mashine za kufuma hariri, mtu mrefu wa Minnesota aliyegonga kichwa katika kila mlango wa mji ule, na baada ya kugonga vya kutosha akamposa. Mama wa nyumba angekataa, au angelia, na yote mawili bibi harusi hakuyaweza. Akangoja wenzake waende kuoga, akatoka kwa mlango wa nyuma na begi moja.

"Kwetu geisha akiacha kazi," akasema, "anapika wali. Anauweka kwenye visanduku, anaupeleka kwa mama wa nyumba, kwa walimu, kwa nyumba za chai. Wali ndio kuaga. Mimi sikupeleka. Bila wali hujaondoka, umetoka tu nje."

"Umetoka nje tangu zamani zile?"

"Nimechelewa kidogo."

Alitaka huyo geisha aje Hopkins, apokelewe inavyostahili, nyumbani kwake mwenyewe maadamu bado ana nyumba, na aondoke na wali. Ukumbini hakuweza kwenda. Nyonga zake na ngazi hazisalimiani. Apple Valley hakutakuwa na jiko. Ilikuwa majira yale au basi.

Nikasema, mama, hiyo niachie mimi.

Nilimkuta yule mwalimu katika chumba chake cha kufundishia, chini ya duka la vioo. Nikavua viatu, nikakaa, nikaingia moja kwa moja. Nimetoka kwa mama wa Hopkins. Mgeni wenu akimaliza ukumbini, aje kwetu kwa muda wa saa moja. Ni ngapi?

Akavuta hewa kati ya meno. "Hilo," akasema, "ni gumu kidogo."

Kongowea mtu akikuambia ni gumu kidogo, maana yake biashara imefunguliwa. Nikasema mia mbili. Akanimiminia chai. Nikasema mia mbili na hamsini, na usafiri juu yangu. Akasema theluji imewahi mwaka huu. Nikasema mia tatu, nikajisikia nikisema mia tatu, na jasho likanitoka, maana katika maisha yangu yote sijawahi kupandisha bei peke yangu bila mtu kunijibu. Yeye akatabasamu, akaniuliza kama mama bado anapenda mandarini, yale machenza madogo. Nikaondoka na mfuko wa mandarini. Nilipozihesabu garini zilikuwa nane. Za bure, lakini sikujua nimeuza nini.

Mama aliposikia alifunika uso kwa viganja.

"Ulitaja pesa?"

"Mara tatu."

"Kwa sauti?"

"Mama, nilikuwa naongea. Sikuwa napiga ishara."

Akanifundisha, na somo lile lilikuwa gumu kwangu kuliko mtihani wa uhudumu. Geisha haitwi na mtu asiyejulikana. Anayejulikana ndiye anayekudhamini, kwa jina lake mwenyewe. Bei haiulizwi. Bili huenda kwa nyumba ya chai, huja kwa mgeni baada ya miezi, na mgeni mwungwana hulipa bila kuisoma.

"Bila kuisoma?"

"Anayeisoma haalikwi tena."

"Mimi ningeisoma."

"Najua," akasema. "Lete simu."

Akaongea na yule mwalimu kwa Kijapani, muda mrefu, akiuinamia ukuta. Alipomaliza alikuwa amechangamka kama aliyetoka kuoga. Mgeni atakuja. Hajaitwa, anapita tu kumwamkia dada mkubwa. Pesa haikutajwa; niliuliza mara mbili kuhakikisha. Lakini mlangoni, wakati wa kuondoka, mama wa nyumba ya chai atampa bahasha ndogo yenye noti mpya, mikono miwili, bila neno.

"Na mama wa nyumba ya chai ni nani?"

Akanitazama sikio. "Nunua soksi nyeupe," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyopata cheo. Pesa za mama zinashikwa na mwanawe, na mwanawe hakuambiwa, kwa sababu angesema mambo hayo yatamchosha, naye angesema kweli. Kwa hiyo soksi zilikuwa zangu, na maua, na vile visanduku viwili vya mbao vyenye vifuniko, ambavyo muuzaji aliviita vya kale na mimi nikamwonyesha alama ya kiwanda chini yake mpaka akashuka theluthi. Benki nikawaomba noti mpya. Karani akaniuliza za sherehe? Nikamwambia za kukaa kimya.

Wali pia nilikabidhiwa mimi, kwa kuwa mama haoni tena moto umefika wapi. Visanduku viwili: kimoja cha nyumba, kimoja cha shule ya dansi ya mji ule. Agizo lake lilikuwa fupi. Wali mweupe.

"Mweupe na nini?"

"Mweupe tu."

"Na kitoweo?"

"Hakuna kitoweo."

"Basi niweke hata—"

"Wewe pika tu wali, mama wa nyumba ya chai."

Nilimwelewa, au nilidhani nimemwelewa. Wiki nzima alikuwa akinisikia jikoni nikijumlisha kwa sauti, na mimi nikijumlisha huwa nasikika mpaka kwenye lifti. Nikaona anaogopa kunitia hasara zaidi. Kwetu wali mkavu usio na kitu hupewa mgonjwa wa tumbo. Kumpa mgeni aliyevuka bahari, tena wa kupelekea nyumba nzima, ni kumwambia hatukukungoja. Na mimi, ambaye sijawahi kumwongezea mteja hata kifungo, nikaamua safari hii naongeza. Nikaenda duka la vyakula vya kwetu, nikanunua nazi na kunde zile nyekundu. Nikaziloweka kwangu, nikazichemsha, maji yake yakaja na rangi ya matofali, nikayamimina kwenye mchele pamoja na tui. Wali ukatoka wa waridi, kunde zimetulia ndani kama zimepangwa. Nikajaza visanduku, nikafunika, nikafunga kwa vitambaa alivyonipa.

Nilipoviweka mezani Hopkins, mama akanusa.

"Nazi?"

"Nazi ni nyeupe, mama."

Akacheka, akaacha. Vifuniko havikufunguliwa tena.

Siku yenyewe theluji ilianza saa nne asubuhi na haikuonyesha nia ya kuacha. Mgeni alikuwa aje saa nane. Mama amevaa kimono ya kijivu, lile joho lao la mikono mipana, nywele nimezibana alivyoniongoza, na anatembea: dirisha, jiko, dirisha. Mimi nyuma yake na soksi zangu nyeupe, nimezunguka mara nyingi kuliko yeye. Saa nane ikapita. Nikatazama simu, barabara, simu. Nikashuka chini kuangalia kama lifti imekwama. Haikukwama, ilikuwa inafikiria. Nikapanda kwa ngazi, nikamkuta mama amesimama katikati ya chumba.

"Atakuwa ameghairi," akasema. "Mimi ningekuwa yeye ningeghairi. Nani anaenda kwa mtu aliyetoroka?"

"Mama, keti."

"Keti wewe."

Hakuna aliyeketi. Kengele ikalia.

Mlangoni alisimama msichana wa miaka thelathini na kitu, suruali ya jinzi, koti nene la rangi ya chungwa, anakokota sanduku la magurudumu lenye theluji. Yule mwalimu alikuwa nyuma yake. Mimi nikaendelea kuchungulia nyuma yao wote, nikimtafuta geisha.

"Ni mimi," yule msichana akasema kwa Kiingereza kizuri, akainama. Kisha akamwona mama, akapiga magoti papo hapo kwenye zulia, viatu mkononi, paji la uso karibu liguse sakafu. "Dada mkubwa," akasema. Hilo neno mama alinitafsiria baadaye, ingawa sikuhitaji.

Aliingia bafuni na sanduku lake, akatoka mtu mwingine. Kimono ya rangi ya zabibu, mkanda umefungwa mgongoni, shingo imewekwa wazi kwa nyuma. Hakupaka uso mweupe. Ule, alisema, ulikuwa wa ukumbini. Tukanywa chai, na mama akawa anamuuliza maswali haraka haraka, mwalimu ananinong'onezea tafsiri. Alikuwa karani wa kampuni ya simu huko Osaka. Aliona kwenye mtandao kwamba nyumba inatafuta wasichana, akaandika, akaitwa. Baba yake hakusema naye mwaka mzima. Siku hizi wamebaki wawili tu nyumbani mle, na asubuhi bado wanafanya mazoezi, lakini jioni kutoka mlangoni hadi kwenye gari ni vita: watalii wanawakimbiza na simu, mmoja alimvuta mkono wa kimono mpaka mshono ukaachia.

"Mshono wa wapi?" nikauliza. Akanionyesha. Kazi ya kurekebisha ilikuwa nzuri, nikamwambia.

"Na mama wa nyumba?" mama akauliza. Hili aliliuliza polepole.

Mama wa nyumba wa sasa, kumbe, ni yule mtoto mdogo aliyekuwa akiwapangia viatu mlangoni enzi zile. Amepita sabini na mitano. Bado anasimulia jinsi alivyokuta siku moja jozi moja imepungua.

Mama akasogeza kikombe chake, akakirudisha pale pale.

Kisha akaomba aone dansi. Shamisen yake ipo, lakini joto kavu la mitambo ya Minnesota lilipasua ngozi yake zamani. Haikumzuia. Akaimba nyuzi kwa mdomo, chin, ton, chin-ton-shan, ndivyo walivyofundishwa kuikariri tangu utotoni, na yule msichana akacheza kati ya kochi na televisheni, nafasi ambayo mimi siwezi kupitisha kifagia zulia bila kugonga kitu. Hakugonga kitu. Alifungua kipepeo cha mkono kama mtu anayekumbuka jambo, akakifunga kama amelisahau. Macho ya mama yalikuwa yanatazama ukutani ili aione vizuri ile dansi kwa pembeni. Mkono wangu, naapa, ulikwisha kuingia mfukoni wenyewe na kushika noti; kwetu mtu akicheza hivyo unainuka, unamtuza mbele ya watu, na watu wanaona umetuza. Mwalimu akanikanyaga kidole. Nikaacha noti.

Baadaye msichana akatoa fimbo mbili nyembamba, akaomba ruhusa, akapiga ngoma juu ya meza ya chai. Hapo nilisahau cheo changu nikawa natikisa bega. Wa ghorofa ya chini akagonga dari lake kwa ufagio: du, du, du. Msichana akasikiliza, kichwa upande, akamjibu kwa meza. Ufagio ukagonga tena, kwa hasira. Akamjibu tena, akaongeza kidogo. Mara ya tatu ufagio ukachelewa, kama mtu anayetafuta pa kuingilia, na mama akacheka mpaka nikamshika asianguke.

Visanduku vilitolewa mwisho. Mama aliinama kadiri nyonga zilivyomruhusu, akasema maneno machache kwa sauti nisiyowahi kuisikia kwake, ya kisichana. Mgeni akapokea kwa mikono miwili, hakufungua. Kufungua mbele ya mtoaji si adabu. Mlangoni nikatoa bahasha. Mikono miwili, bila neno. Sikumwambia ni ngapi. Nilimwangalia mpaka lifti ikajifunga: hakuhesabu.

"Sasa nimeondoka," mama akasema, akakaa.

Na kweli alikaa. Siku zilizofuata hakutembea. Fremu ilisimama kando ya kochi kama baiskeli ya mtu aliyenunua gari. Alianza kuniambia nini kiende Apple Valley na nini kitupwe, na hakubishana juu ya chochote. Utulivu ule haukunipendeza. Nikawa mimi ndiye ninayetembea.

Wiki haijaisha, mwalimu akaja mwenyewe, bila kupiga simu kwanza, na theluji kwenye kope. Alikuwa na ujumbe. Msichana, usiku uleule alipofungua visanduku hotelini, alipiga picha kwa simu kama mtu yeyote, akamtumia mama wa nyumba kule Kanazawa. Jibu lilikuwa limekuja. Mwalimu akamsomea mama, kisha akanigeuzia mimi kwa Kiingereza.

Mama wa nyumba amelia. Miaka yote hii aliamini dada mkubwa hatarudi, kumbe ametuma wali mwekundu. Chumba cha juu kinachotazama mto kimefunguliwa madirisha. Anangojwa kwenye dansi za vuli, na asilete kitu, aje yeye tu.

"Mwekundu?" mama akasema.

Wote wawili wakanitazama; mmoja usoni, mmoja sikioni.

Ndipo nilipoelezwa, na mwalimu ndiye aliyenieleza, kwa upole unaoudhi. Geisha anayeondoka moja kwa moja hupeleka wali mweupe. Anayechanganya na mwekundu anasema: huenda nikarudi, msinifungie mlango. Na ule mwekundu wao, akaongeza, huwa wanaupika na kunde zilezile, au maharage madogo yanayofanana nazo.

"Na jambo kama hilo," nikamwambia mama, "haliwezi kusemwa jikoni kabla mtu hajawasha moto?"

"Nilisema mweupe."

"Ulisema mweupe kama mtu anayebana matumizi!"

"Ulikuwa mwekundu sana?"

"Wa wastani."

Mwalimu akapendekeza kwamba anaweza kuwaandikia, aeleze kwamba ni mapishi ya Kiafrika. Mama akasema hapana, wali ukishapokelewa haurudishwi, na ni utovu wa adabu kumsahihisha mtu aliyelia. Kisha akavuta fremu yake, akaenda dirishani.

Tangu siku hiyo hajatulia. Kesho yake aliniuliza pasipoti yake iko wapi. Iko, imekwisha muda. Akataka ile hariri ya korongo itundikwe ipate hewa. Vitu vilivyokuwa kwenye maboksi ya Apple Valley vikaanza kutoka, kimoja kimoja, na anatembea na fremu mpaka mwisho wa korido ya ghorofa na kurudi, asubuhi na jioni, anahesabu kwa Kijapani. Usingizi umekuwa mfupi. Anakula vizuri kuliko wakati wowote nilipomjua. Haya yote niliyaandika katika taarifa ya ofisi kama "mteja amechangamka", nikakosa pa kuandika sababu.

Mwana alikuja Jumapili, akakuta maboksi yamefunguliwa. Akanipigia simu jioni.

"Wewe ndiye uliyepika?"

"Ni mimi."

"Sikulaumu. Nataka tu kuelewa. Mama yangu ana nyonga mbili mbovu na moyo unaokunywa vidonge vinne, na anataka kupanda ndege kwenda kwa watu ambao hajawaona tangu sijazaliwa. Atafia njiani. Au hatafia njiani. Atafika, atakaa katika chumba kile kinachotazama mto, na hatataka kurudi. Hilo umelifikiria?"

Sikuwa nimelifikiria. Yeye alikuwa amelifikiria sana.

"Pika mwingine," akasema. "Mweupe. Mwalimu apige picha, atume, waelewe kule kwamba amewaaga. Kisha tumhamishe kwa amani. Gharama zako zote tangu mwanzo nitalipa. Niletee jumla, sitaisoma."

Mtu wa bima huyo, na anasema hataisoma. Kumbe ana damu ya kule. Nikamwambia nipe muda.

Nilimweleza mama yote, sikuficha. Nikamuuliza waziwazi: nipike mweupe?

"Unaniuliza mimi?" akasema, akiendelea kutembea. "Mimi geisha tu. Geisha huenda anakoitwa. Mambo ya nani aende wapi na kwa masharti gani huyapanga mama wa nyumba ya chai."

"Mama, hicho cheo ni cha soksi."

"Basi zivue."

Sijazivua. Mchele nimenunua, uko kabatini kwake, mfuko haujafunguliwa. Fomu ya pasipoti nimeichukua pia, iko garini. Nauli ya kwenda Kanazawa nimeiuliza kwa mawakala wawili na wote nimewateremsha bei, kwa mazoea tu. Mwana anapiga simu kila jioni, na sasa orodha yake ya maswali imeongezeka swali moja. Theluji imeanza kulainika kandokando ya barabara, na chumba cha Apple Valley hakiwezi kungoja mtu anayetembea koridoni.

Ninyi mnaoangalia wazee wa watu, na ninyi wenye mama zenu walio mbali, nawaomba ushauri, na nausubiri kweli: nichemshe ule mchele, au niijaze ile fomu? Na mkisema fomu, basi mniambie pia maneno ya kumwambia mwanawe, kwa maana yangu nimeyajaribu kwenye kioo cha gari, na hata mimi sijayanunua.